Gari Linazima Unapobadili Gia: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Kabla ya kununua kipuri chochote, bainisha ni wakati gani hasa injini inakata: unapokanyaga klachi, au gia inapoingia. Klachi ikikanyagwa, injini huachana na magurudumu na kubaki ikijiendesha kwa sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta), na injini isiyo na sailensa imara inaweza kuzima papo hapo hata kama klachi na gia boksi ni nzima kabisa.

Simamisha gari mahali tambarare, si kwenye miinuko ya Isamilo, vuta breki ya mkono na uweke nyutro. Injini ikishapata joto, pandisha mzunguko hadi kama 2,500 kwa dakika, kisha uachie mafuta ghafla. Injini nyingi za petroli hutulia kati ya 650 na 850. Mshale ukishuka chini zaidi na injini ikatetemeka au kuzima, huenda tatizo liko upande wa hewa au mafuta.

Kwa magari yanayoshinda kwenye barabara za vumbi za pembezoni mwa Mwanza, ningeanza na chujio la hewa na throto, yaani mlango unaoingiza hewa kwenye injini. Vumbi likishikana na mvuke wa oili hujenga utando mweusi kuzunguka kipepeo cha throto (kibati kinachofungua na kufunga mlango huo), na utando huo huziba upenyo mwembamba unaopitisha hewa wakati hujakanyaga mafuta. Zima swichi, kisha safisha kwa dawa ya throto na kitambaa laini; kipepeo kinachoendeshwa kwa umeme usikisukume kwa kidole, na ujue kwamba baadhi ya magari huhitaji sailensa ipangwe upya kwa mashine ya kupimia. Sikiliza pia mluzi wa hewa kwenye mabomba madogo ya mpira yaliyounganishwa na injini. Ukikanyaga breki na mzunguko ukayumba, kagua bomba la mpira linalokwenda kwenye sevo ya breki, kifaa kinacholainisha kanyagio la breki.

Ikiwa sailensa ni nzuri lakini injini inazima gia inapoingia huku klachi imekanyagwa hadi mwisho, klachi haiachii vizuri. Dalili zake ni gari kujivuta mbele na gia ya rivasi kugwaruza. Tazama kiwango cha mafuta ya klachi, uvujaji na hewa ndani ya bomba, au marekebisho ya waya kwa magari yanayotumia waya. Usikubali gia boksi ishushwe kabla ya ukaguzi huo, kwa sababu ndiyo kazi ya gharama kubwa kuliko zote hizi.

Kwa gari la otomatiki, likizima kila linapokaribia kusimama likiwa kwenye D, lakini likatulia ukihamishia N mapema, shuku solenoidi (vali ya umeme) ya kufungia toki konveta, kifaa kinachounganisha injini na gia boksi badala ya klachi, baada ya kuhakikisha sailensa haina kasoro.

Hadi chanzo kipatikane, usishuke na gari hilo mlima wa Bugando: injini ikizima, usukani huwa mzito, na sevo ya breki hubakiwa na akiba ya mikanyago michache tu.