Ukitaka kuikosoa filamu ya hali halisi

Kwenye kibanda umiza changu, kijumba cha kuonyeshea video hapa Mikindani, filamu ya hali halisi naitazama mara mbili. Kwanza nakaa kimya. Ya pili nazima sauti: je, picha tupu bado inanishawishi? Chukua Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, 2004, ya sangara wa Mwanza. Yale mapanki, mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishatolewa, yanakutoa machozi, sikatai. Lakini shika saa, hesabu dakika ambazo wavuvi wenyewe wanaeleza maisha yao, na dakika ambazo mgeni anawaelezea. Andika hizo dakika. “Inasikitisha” peke yake si hoja, wanangu. Kisha sema waziwazi umeipenda au hukuipenda. Iliwahi kuteuliwa kuwania Oscar. Habari hizo zisome ukishamaliza kuandika.