Kutafuta jeni za usugu wa antibiotiki kwenye bakteria wa hospitali: kutoka faili za FASTQ hadi ripoti

Mwenzangu wa maabara aliniletea jedwali la jeni alizozipata kwa Klebsiella pneumoniae wa wodini, pamoja na swali moja: mbona kompyuta inaonyesha huyu bakteria ana jeni za kupambana na siprofloksasini, ilhali kwenye sahani dawa hiyohiyo inamuua bila shida? Programu zote alikuwa ameziendesha sawasawa. Kilichokuwa kimebaki ni kulisoma jedwali, na kazi hiyo ilituchukua muda kuliko hatua nyingine zote zikijumlishwa. Ndiyo maana mwongozo huu umeelemea hatua ya nne.

Nachukulia una vitu vitatu: faili mbili za FASTQ (usomaji ghafi, yaani vipande vifupi vya DNA) kutoka mashine ya Illumina, kompyuta ya Linux yenye conda (kisakinishi cha programu), na majibu ya sahani ya bakteria yuleyule yanayoonyesha dawa zipi zinamuua na zipi zimeshindwa. Hicho cha tatu ndicho watu hukisahau. Kusakinisha programu sielezi. Ila kila moja iwekee mazingira yake ya conda, usizirundike pamoja.

Hatua ya 1: Safisha

`fastp -i K1_R1.fastq.gz -I K1_R2.fastq.gz -o K1_s1.fastq.gz -O K1_s2.fastq.gz`

Mipangilio yake ya kawaida inatosha.

Hatua ya 2: Unganisha vipande

`shovill --R1 K1_s1.fastq.gz --R2 K1_s2.fastq.gz --outdir K1`

`seqkit stats -a K1/contigs.fa`

Shovill huendesha SPAdes kwa niaba yako, na naipenda kwa sababu haikuulizi maswali mengi. Amri ya pili inakupa jumla ya herufi za DNA. Usiiruke. Klebsiella pneumoniae huwa na herufi kama milioni 5.5, Acinetobacter baumannii kama milioni 4, Staphylococcus aureus kama milioni 2.8. Ukiona Klebsiella mwenye milioni 9, jua koloni uliyochota ilikuwa na bakteria wawili. Rudi kwenye sahani, otesha upya, chota koloni moja. Kuna watu hujaribu kuwatenganisha kwenye kompyuta. Mimi siungi mkono, kwa sababu mwisho wake hujui jeni ipi ni ya nani, na hilo ndilo swali zima.

Hatua ya 3: Tafuta jeni

`amrfinder -u`

`amrfinder -l`

`amrfinder -n K1/contigs.fa --organism Klebsiella_pneumoniae --plus --name K1 -o K1_amr.tsv`

Amri ya kwanza inasasisha hifadhidata, ya pili inaorodhesha majina ya bakteria ambayo programu inayatambua. Nakili jina kutoka kwenye orodha hiyo, usilibuni: E. coli, kwa mfano, imeandikwa `Escherichia`.

Hicho kipengele cha `--organism` si pambo. Usugu mwingine hauji na jeni mpya. Unatokana na herufi moja iliyobadilika ndani ya jeni ambayo bakteria alizaliwa nayo. E. coli akibadilisha asidi amino ya 83 kwenye gyrA na ya 80 kwenye parC, siprofloksasini imekwisha kazi, na hakuna jeni ngeni hata moja utakayoiona. Usipoitajia AMRFinderPlus (ndiyo hiyo `amrfinder`) jina la bakteria, haiyatafuti mabadiliko hayo.

Kwa sababu hiyohiyo siitumii ABRicate, programu nyingine ya kutafuta jeni, kwa majibu yanayokwenda kwa daktari. Ni nyepesi na ina kasi, na kwa kupitia sampuli nyingi kwa haraka haina mpinzani, lakini mabadiliko ya herufi moja haiyaoni. ResFinder ya mtandaoni ni nzuri kwa mwenye sampuli moja na asiyependa kuandika amri. Ukitumia RGI, programu ya hifadhidata ya CARD, baki na matokeo ya daraja la Perfect na Strict. Yale ya Loose yanamfaa mtafiti anayewinda jeni zisizojulikana bado. Kwenye ripoti ya mgonjwa yanapotosha.

Hatua ya 4: Soma jedwali

Anza kwa kutenga jeni za asili. Klebsiella pneumoniae karibu wote wana oqxA, oqxB, fosA na aina fulani ya blaSHV kwenye kromosomu yao. Hapo ndipo lilipo jibu la mwenzangu: oqxA na oqxB hutengeneza pampu inayoweza kutoa siprofloksasini nje ya seli, lakini pampu hiyo ikiwa katika kiwango chake cha kawaida bakteria hubaki anakufa kwa dawa. Kuwa na jeni na kuitumia kwa nguvu ni mambo mawili. A. baumannii naye ana jamii ya blaOXA-51 tangu asili, kwa hiyo kuikuta hakuelezi kwa nini meropenemu imeshindwa. Tafuta blaOXA-23 au wenzake. Pseudomonas aeruginosa ana blaPDC na jamii ya blaOXA-50. AMRFinderPlus huficha baadhi ya jeni za namna hii ukiitajia bakteria, lakini si zote, kwa hiyo usiitegemee. Andaa orodha yako ya kila bakteria unayemshughulikia, ibandike ukutani.

Kisha angalia namba iliyo mwishoni mwa jina. blaSHV-1 na blaSHV-11 hushughulika na ampisilini na jamaa zake tu, ila blaSHV-12 huvunja sefalosporini za kizazi cha tatu. Tofauti ni asidi amino chache. Nimeona ripoti iliyoandikwa "SHV imepatikana" ikaishia hapo. Haimwambii daktari chochote. blaKPC nayo ina mtego: KPC-31 ni KPC-3 iliyobadilika asidi amino moja, na badiliko hilo humfanya bakteria aishinde seftazidimu-avibaktamu huku mara nyingi akirudi kuuawa na meropenemu. Ukiandika "KPC" peke yake, umeficha habari ambayo ingebadilisha matibabu.

Sasa nenda safu ya Method. Hapa ndipo saa hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

ALLELEX maana yake mfuatano umelingana kikamilifu na aleli (toleo mahususi la jeni) yenye jina. EXACTX ni kulingana kikamilifu pia, ila na mfuatano usio na jina la aleli. Hizo mbili pokea. BLASTX ni ndugu wa karibu, zaidi ya asilimia 90 kwa urefu na kwa kufanana. Taja jamii ya jeni, usitaje aleli, hata kama safu ya jirani inakushawishi kwa jina la anayefanana naye zaidi. INTERNAL_STOP ni jeni iliyokatishwa katikati na kodoni ya kusimamisha, kwa hiyo yaelekea haifanyi kazi. PARTIALX ni kipande cha jeni kilicho katikati ya kontigi (mfuatano mrefu uliotoka hatua ya 2): hapo jeni yenyewe pengine imevunjika kweli.

Inayosumbua ni PARTIAL_CONTIG_ENDX. Hiki ni kipande cha jeni kinachoishia pale kontigi inapoishia, na mara nyingi jeni ni nzima kwa bakteria ila imekatika kwenye kompyuta. Chanzo chake ni kwamba jeni za usugu hupenda kukaa kando ya mifuatano inayojirudia, kama IS26, ambayo inaweza kuwapo mara kadhaa kwenye bakteria mmoja. Usomaji wa Illumina ni mfupi kuliko IS26 yenyewe, kwa hiyo programu ya kuunganisha ikifika hapo haijui njia ipi iendelee, inakata. Usiifute mistari hii, na usiipokee hivihivi. Chukua mfuatano mzima wa jeni hiyo kutoka hifadhidata, uweke kwenye faili `jeni.fa`, kisha upange usomaji wako juu yake:

`minimap2 -ax sr jeni.fa K1_s1.fastq.gz K1_s2.fastq.gz | samtools sort -o jeni.bam`

`samtools coverage jeni.bam`

Usomaji ukiifunika jeni mwanzo hadi mwisho kwa kina (idadi ya usomaji juu ya kila herufi) kinacholingana, jeni ni nzima. Kina kikishuka ghafla hadi sifuri katikati, imekatika kweli. Lakini tahadhari mbili. Kwanza, kama bakteria ana jeni mbili zinazofanana sana, usomaji wa moja utajipanga juu ya nyingine na kukupa jeni nzima ya uongo. Fungua faili la BAM kwenye IGV, programu ya kutazama usomaji, uone kama kuna herufi ambako usomaji umegawanyika pande mbili. Pili, mgawanyiko huohuo unaweza kuwa ndiyo habari yenyewe: bakteria mwenye KPC-3 na KPC-31 kwa pamoja ataonekana ana moja tu baada ya kuunganisha. Ukibaki na shaka, fanya PCR ya jeni hiyo. Ni ya kizamani, na inamaliza ubishi.

Mwisho wa hatua hii, weka jedwali kando ya majibu ya sahani. Meropenemu imeshindwa na hakuna karbapenemasi (kimeng'enya kinachovunja meropenemu na jamaa zake) hata moja? Kwa Klebsiella, angalia ompK35 na ompK36. Hizo ni jeni za vitundu ambavyo dawa hupitia kuingia. Vikiharibika huku bakteria ana blaCTX-M-15, jeni ya kuvunja sefalosporini, dawa kidogo inayopenya inaweza kumalizwa humo ndani. Na kinyume chake: blaOXA-48 ipo, sahani inasema meropenemu bado inafanya kazi? Inatokea sana, kwa sababu OXA-48 huvunja meropenemu taratibu. Jeni iandike kwenye ripoti hata hivyo.

Hatua ya 5: Plasmidi au kromosomu?

Plasmidi ni DNA ndogo iliyo nje ya kromosomu. Kwa usomaji mfupi peke yake, usiseme. Kama swali ni muhimu, mfano unapohofia jeni inahama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine wodini, soma DNA kwa Nanopore, mashine ya usomaji mrefu, na uunganishe upya.

Hatua ya 6: Ripoti

Ukikuta blaNDM, blaKPC, blaOXA-48, blaVIM au blaIMP kwa mgonjwa ambaye hajatengwa, wapigie simu wanaosimamia udhibiti wa maambukizi kabla hujaandika chochote. Kwenye ripoti gawa jeni makundi matatu: zilizopatikana na zinazoeleza majibu ya sahani, za asili, na zenye mashaka pamoja na sababu ya shaka. Usiandike "sugu kwa" dawa ambayo haikupimwa kwenye sahani. Andika "ana jeni inayohusishwa na usugu wa". Chini kabisa bandika matokeo ya `amrfinder -V`, yenye toleo la programu na la hifadhidata. Aleli mpya huongezwa kila mara, kwa hiyo mstari uliosoma BLASTX leo unaweza kusoma ALLELEX baada ya kusasisha, na bila namba ya toleo hakuna atakayejua kama aliyebadilika ni bakteria au hifadhidata.