Jinsi ya kusoma makadirio ya mauzo ya konsoli bila kuingizwa mjini

Wakuu, kila ripoti ya Sony au Nintendo, wale wa konsoli (mashine za kuchezea gemu) kama PS5 ya Sony na Switch ya Nintendo, ikitoka watu wanaanza kutupiana namba, huyu anasema PS5 inauza balaa, yule anasema inakufa, ukicheki vizuri wote wanasoma namba ileile. Kabla hujaingia kwenye huo ubishi fanya hivi.

Kwanza jua namba inahesabu nini. Hapa ndo wengi wanapigwa. Kwenye ripoti za fedha, Sony na Nintendo wanahesabu mashine walizozitoa kwenda kwa wauzaji, sio zilizoingia sebuleni kwa watu, yaani ile PS5 iliyokaa kwenye kabati la kioo Kariakoo ikisubiri mteja huko Tokyo ilishahesabiwa kitambo. Mat Piscatella wa Circana, kampuni ya utafiti wa soko, yeye anafuatilia kilichonunuliwa na wateja Marekani, Famitsu, jarida la gemu la Japani, wanatoa cha huko kwao kila wiki. Kwaiyo namba mbili zisipolingana usikimbilie kusema kuna muongo. Xbox, konsoli ya Microsoft, ndo usihangaike kabisa, Microsoft waliacha kutangaza idadi ya mashine tangu 2015, karibu kila namba unayokutana nayo ni mtu kakadiria.

Afu mwaka wa fedha wa Sony na Nintendo unaanza Aprili unaisha Machi, na Oktoba mpaka Desemba ndo kuna mzigo wa Krismasi. Mtu akichukua robo ya Aprili mpaka Juni akazidisha mara nne, mpite tu.

Sasa twende kwenye utamu wenyewe, marekebisho. Ile idadi wanayotabiri mwanzo wa mwaka usiiamini sana, subiri wairekebishe. Kwa mwaka ulioisha Machi 2014 Nintendo walisema watauza Wii U, konsoli yao ya kabla ya Switch, milioni 9, ilipofika Januari wakashusha mpaka 2.8, hesabu zikafungwa kwa 2.72, hata theluthi hawakufika jamani. Switch ilipokuja wakajishika, wakasema milioni 10 kwa mwaka ulioisha Machi 2018, Oktoba wakapandisha 14, Januari 15, wakafunga na 15.05. Mwaka uliofuata kiburi kikawaingia wakasema 20, wakarudi 17, wakaishia 16.95. Umeona eeh? Ile namba ya Januari au Februari huwa inagusa ukweli kwasababu Krismasi imeshapita, wanajua kilichobaki.

Ila wakishusha uliza kwanini, maana kushusha hakufanani. Februari 2022 Sony walishusha PS5 kutoka milioni 14.8 hadi 11.5 sababu chipu hazikuwepo, wateja walikuwa wanagombania. Februari 2024 wakashusha tena, kutoka 25 hadi 21, na safari hii mashine zilikuwepo. Ya kwanza ni tatizo la kiwanda, ya pili ndo ungeikunjia uso.

Wachambuzi nao, cheki anamfanyia nani kazi. Michael Pachter alijulikana akiwa Wedbush Securities, hao ni watu wa hisa, na mwenye hisa anachotaka kujua ni kama kampuni itavuka au itakosa kile soko lilichotegemea, ndo maana konsoli inaweza kuuza vizuri na hisa zikaporomoka siku hiyohiyo. Piers Harding-Rolls wa Ampere Analysis yuko kwenye kampuni ya utafiti, wateja wake wanataka picha ya miaka ijayo. Pachter watu wanamcheka sana, alikomaa kwamba Wii (konsoli ya Nintendo ya kabla ya Wii U) yenye picha kali za HD inakuja, haikuja, mpaka 2012 ikaja Wii U ambayo ni kitu kingine. Mimi namheshimu kidogo kwasababu alikuwa anataja kitu kinachoweza kumuumbua. Yule wa "itauza vizuri tu" bila idadi, bila kipindi, bila kusema bei itakuwa ngapi, huyo hata ukitaka kumkosoa huna pa kumshikia.

Ripoti zenyewe ni bure kwenye tovuti za wawekezaji za Sony na Nintendo, huwa zinatoka Mei, Agosti, Novemba na karibu na Februari mwanzoni. Fungua PDF, tafuta jedwali la mashine, angalia makadirio ya zamani na mapya, mengine ruka.