Jinsi ya kuusaidia mwili kuchunga asidi ya damu bila kuuingilia kazi

Jamani kabla hujanunua yale maji ya alkali ama kuanza kunywa ndimu kila alfajiri eti usafishe damu, hebu keti kwanza. Damu ya mtu mzima mwenye afya inakaa kwenye pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi imezidi, ikipanda ni alkali, kinyume cha asidi) 7.35 mpaka 7.45, hapo hapo, ule mahamri na mbaazi, unywe ukwaju glasi tatu, haiondoki. Kinachobadilika ni mkojo, unaweza kushuka mpaka kama 4.5 ama kupanda mpaka 8 manake ndiko taka zinakotupwa, kwa hivyo zile karatasi za kupimia mkojo hazikwambii damu yako ikoje.

Anza kwa kuijua pumzi yako. Toa pumzi kawaida, ziba pua, hesabu. Ule msukumo unaokulazimisha upumue, mara nyingi si kwamba hewa imeisha, ni kaboni dayoksaidi imejaa kwenye damu, ikikutana na maji inakuwa asidi, ubongo unaihisi na kuyaamrisha mapafu yaitoe. Ndio maana ukiikimbilia feri Likoni unafika unahema. Mapafu yanaitoa ndani ya dakika chache tu, figo hazina haraka, zinachukua masaa mpaka siku kadhaa, zinarudisha bikaboneti (alkali ya mwili inayopoza asidi) kwenye damu na asidi zinaitoa kwa mkojo.

Nyinyi vijana mnaoruka baharini huko Mji wa Kale, nawaomba sana, msiheme haraka haraka kabla ya kupiga mbizi!! Mnadhani mnajaza hewa kumbe mnaimaliza kaboni dayoksaidi, ule msukumo wa kupumua unachelewa, oksijeni inaisha na mtu anazirai chini ya maji bila hata kupiga kelele. Nikiwaona wakifanya hivyo roho yanidunda. Pumua kawaida, na usizame peke yako.

Mtu wa wasiwasi naye akihema juu juu mpaka vidole na midomo ikafa ganzi, huyo ametoa kaboni dayoksaidi kupita kiasi. Kaa naye, mwambie atoe pumzi polepole, ndefu kuliko anavyovuta. Mfuko wa karatasi usimpe, huenda ikawa ni pumu ama ugonjwa wa moyo, na mfuko ukamuumiza zaidi. Kifua kikiuma, hospitali.

Sasa kuhara, hapa ndipo penye kazi yetu hasa. Maji ya utumbo yana bikaboneti nyingi, mtoto akihara anapoteza maji na pia ile alkali, damu inaanza kuelekea upande wa asidi (kutapika ni kinyume, inatoka asidi ya tumbo). Nenda duka la dawa ununue ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), ndani ya ile pakiti kuna sitreti ambayo mwili unaigeuza kuwa bikaboneti, na hiyo ni sababu moja pakiti inaishinda ile ya kuchanganya jikoni. Soma maji ni kiasi gani, usikadirie kwa jicho, kuna pakiti za nusu lita na za lita nzima. Ukikosa kabisa, lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vijiko visawazishwe visifanye kilima. Mpe kwa kijiko kidogo kidogo, akitapika ngoja dakika 10 uendelee, ziwa la mama lisikatizwe, na uulizie vidonge vya zinki. Soda usimpe, sukari yake inazidisha kuhara. Magadi usitie! Macho yakizama, ama amelegea hataki kunywa, ama masaa 6 yamepita hajakojoa, chukua tuktuk saa hiyo hiyo.

Na mgonjwa wa sukari ukimwona anapumua kwa nguvu, pumzi ndefu nzito na hajakimbia popote, ana kiu, anatapika, mdomo wanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, hiyo ni asidi ya ketoni (inayotoka mwili ukichoma mafuta badala ya sukari) imejaa kwa kukosa insulini. Usimwambie atulize pumzi, ile pumzi ndiyo inayomshikilia kwa sasa, mapafu yanaitupa asidi kwa kadiri yanavyoweza. Mpeleke hospitali usiku huo huo, usingoje asubuhi, na ukifika mlangoni sema mapema kwamba ana sukari, insulini mara ya mwisho alidunga lini, na kuhema kulianza saa ngapi.