Kukereza umbo la duaradufu kwa vigeu kwenye mashine ya CNC

Mwongozo huu unahusu mashine za kukereza za CNC (zinazoongozwa na kompyuta) zinazoendeshwa kwa kidhibiti cha Fanuc chenye Custom Macro B, yaani uwezo wa kuandika hesabu na vigeu ndani ya programu. Mfano wake ni kazi niliyomsaidia kijana mmoja wa karakana yetu: kutoa ncha ya nusu duaradufu yenye urefu wa mm 30 kwenye chuma cha kipenyo cha mm 40. Amri za G02 na G03 huchora tao la duara tu, kwa hiyo nukta za duaradufu lazima mashine izikokotoe yenyewe.

Hatua ya 1: Vipimo

Kigeu ni nafasi ya kuhifadhi namba, nayo huandikwa kwa alama ya #. Andika #101=30 kwa urefu na #102=20 kwa nusu kipenyo. Vigeu vya #500 na kuendelea hubaki na thamani zake hata umeme ukizimwa, na ndiyo sababu siviweki vipimo vya kazi moja humo: zamu inayofuata inaweza kuvirithi bila kujua.

Hatua ya 2: Mabano

Hesabu hufungwa kwa mabano ya mraba, kama SIN[#1], kwa kuwa mabano ya mviringo Fanuc huyachukulia kuwa maelezo ya fundi. Pembe huandikwa kwa nyuzi.

Hatua ya 3: Kigeu cha kupiga hatua

Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima nilipokuwa najifunza. Nilifuata kanuni ya kitabuni: nikapunguza Z (mahali pa kisu kwa urefu, hapa kutoka kiunoni) kidogo kidogo kwa mm 0.5, kisha nikatafuta X (kipenyo mahali hapo) kwa kipeuo cha pili, SQRT. Kiunoni, yaani upande mnene, umbo lilikuwa laini, lakini nchani palitokea koni iliyoonekana kwa macho. Nilibadilisha kisu, nikapima upya kimo chake kulingana na kitovu cha kipande, nikailaumu hata spindo (mhimili unaozungusha kipande), kumbe kosa lilikuwa kwenye hesabu. Duaradufu nchani hupanda karibu wima, hivyo hatua ya kwanza ya mm 0.5 kwenye Z humrusha X kutoka 0 hadi 7.27 kwa mstari mmoja ulionyooka. Nilipoipunguza hatua hadi mm 0.01, koni ilitoweka, lakini programu ikawa na nukta 3,000 na mashine ikaanza kusitasita. Tena, desimali zinazojumlishwa mara nyingi hukusanya makosa madogo: nukta ya mwisho inaweza kurukwa, na ukienda kinyume, kutoka kiunoni hadi nchani, Z ikizidi 30 hata kwa chembe, SQRT hupewa namba hasi na mashine husimama kwa alamu.

Tangu siku hiyo napiga hatua kwa pembe, wala sioni sababu ya kurudi kwenye SQRT kwa umbo hili. Nyuzi moja kwa kila hatua hutoa nukta 91 tu, zenyewe husongamana nchani zinapohitajika, na mstari baina ya nukta mbili hauachani na umbo halisi kwa zaidi ya mikroni 2. Pembe ikiwa namba nzima, hakuna desimali za kukusanya makosa.

Hatua ya 4: Kitanzi

Kitanzi ni sehemu ya programu inayojirudia; LE humaanisha "ndogo kuliko au sawa na". Hapa sifuri ya Z iko nchani.

G50 S2000
G96 S150 M03
G00 G42 X0 Z2.
#1=0
WHILE [#1 LE 90] DO1
#2=2*#102*SIN[#1]
#3=#101*COS[#1]-#101
G01 X#2 Z#3 F0.1
#1=#1+1
END1
G40 G00 X50. Z5.

Ile 2 kabla ya #102 ipo kwa sababu X husomwa kwa kipenyo; ukiisahau, kipande hutoka chembamba kwa nusu. G50, inayoweka kikomo cha mizunguko, isiachwe, kwani G96, inayoshikilia kasi ya mkato, ikifika X0 huiharakisha spindo hadi kikomo chake. G42, inayofidia mviringo wa ncha ya kisu, nayo hudai nusu kipenyo cha ncha ya kisu na namba 3 ya uelekeo viwe vimejazwa kwenye ukurasa wa visu.

Huu ni mkato wa kumalizia. Kwa kupunguza nyama, ongeza #103 kwenye X, zungusha kitanzi cha nje DO2, na kila mzunguko ushushe #103 kwa mm 4.

Hatua ya 5: Jaribio

Sogeza sifuri ya Z mbali na chuma kwa mm 100, endesha mstari kwa mstari, na utazame ukurasa wa vigeu: #1 ikiwa 30, #2 lazima isome 20 na #3 isome -4.019.