SOMO: Kulungu wa Kentucky hatua kwa hatua, na koyote wanaomfuata nyuma

Kila Oktoba napokea meseji ileile kutoka kwa watu kumi tofauti: "Kaka, nami nataka kuwinda, naanzia wapi?" Msimu huu nimepata majike wawili na dume mmoja mwenye pembe za ncha nane, na Januari nikaongeza koyote watatu, wale wanyama kama bweha wa huku Marekani. Tangu niweke picha ya yule dume simu hailali. Sijibu tena mmoja mmoja. Nimeandika hapa, na ukiniuliza nitakutumia hii.

Nasema ya Kentucky tu, ndiko ninakoishi. Ukiwa Ohio au Texas, sheria ni nyingine. Na ninaposema kulungu ni yule mwenye mkia mweupe kwa chini, si kulungu wetu wa nyumbani mwenye madoa ubavuni. Jina tumeliazima, kwa hiyo msianze.

1. Karatasi zako kwanza, bunduki baadaye. Mwenye green card (kibali cha ukaazi wa kudumu) anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki. Aliyekuja kwa viza ya muda kimsingi haruhusiwi, ila leseni halali ya kuwinda ni mojawapo ya misamaha. Asiye na karatasi asiguse hata ya kuazimwa. Kama una kesi yoyote ya uhamiaji, muulize wakili wako.

2. Kozi ya usalama. Aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1975 lazima awe na cheti. Kipo kibali cha mwaka mmoja kinachokuruhusu kuwinda kabla ya kozi ukiwa na mtu mzima, lakini unakipata mara moja tu maishani.

3. Leseni ya kuwinda NA kibali cha kulungu. Ni vitu viwili. Dume mwenye pembe ni mmoja tu kwa mtu kwa msimu.

4. Rangi ya chungwa kichwani, kifuani na mgongoni msimu wa bunduki. Usiniambie kofia inakuharibia nywele.

5. Shamba. Omba ruhusa ya mwenyewe, na usiende kuomba Novemba wakati kila mtu anaomba. Mimi langu nililipata kwa kumsaidia mzee mmoja kupakia marobota ya nyasi mwezi wa Julai, jua kali, bila malipo. Siku ya pili aliniuliza mwenyewe kama huwa nawinda. Sasa kila mwaka nampelekea paja moja na chapati za mke wangu, na nadhani chapati ndizo zinazonilindia shamba.

6. Jaribu bunduki yako kwenye karatasi kabla ya msimu.

7. Upepo uje usoni kwako. Kulungu anaweza kukuona asijali, anaweza kukusikia akasita, lakini akikunusa ameshaondoka. Msimu wa bunduki hufunguliwa Jumamosi ya pili ya Novemba, siku ambazo madume wanakimbiza majike na akili zimewaruka, ila pua haijaenda popote. Ukipanda mtini, funga mkanda wa usalama tangu mguu unapoacha ardhi, si ukishafika juu.

8. Subiri akupe ubavu. Lenga nyuma tu ya bega, chini kidogo ya katikati ya mwili. Akikuelekea kifua au makalio, mwache.

9. KAA CHINI. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo mtanisamehe kwa urefu.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili. Saa kumi na moja jioni, zimebaki dakika chache giza liingie, akatokea dume mdogo. Nilipiga. Hakuruka wala hakukimbia. Alikunja mgongo kama mtu mwenye msokoto wa tumbo, akaingia kichakani taratibu, mkia chini. Leo ningejua palepale: risasi imeingia tumboni, kaa. Siku ile damu ilikuwa inanichemka. Nilishuka baada ya dakika tano na tochi mkononi. Hatua themanini hivi mbele nikamsikia akiinuka alipokuwa amelala, vijiti vikavunjika, kisha kimya. Nikaendelea kumfuata, maana nilikuwa mjinga na mbio. Damu iliishia kwenye kijito. Usiku nikiwa kitandani naona ule mgongo uliokunjika. Asubuhi tai waliniita: kichwa, mbavu, na ngozi iliyoburutwa. Koyote walianzia nyuma kama kawaida yao. Ningekaa mtini na kurudi asubuhi, angefia palepale alipolala mara ya kwanza. Nilimwinua mimi kwa haraka yangu, na waliokula ni wengine.

Kwa hiyo: ukishapiga, angalia saa. Usitegemee hisia, dakika tano zitakuwa kama saa nzima. Weka alama mahali alipokuwa amesimama, kisha soma damu:

– Nyekundu angavu yenye povu: mapafu. Subiri nusu saa.
– Nyekundu nzito, nyeusinyeusi, haina povu: ini. Masaa 3 hadi 4.
– Majimaji ya kijani, harufu ya mavi, vipande vya mahindi: tumbo. Masaa 6 hadi 12. Ondoka kwa kunyata, kwa upande uliojia.

Ukiwa na shaka, chukua muda mrefu zaidi. Tahadhari: usiku wa joto nyama inaharibika na koyote wana pua, kwa hiyo risasi ya tumbo haina jibu zuri. Jibu zuri liko hatua ya 8. Na usikanyage njia ya damu, tembea kando yake, utaihitaji tena.

10. Kabla ya kumsogeza, jaza kumbukumbu yako: jinsia, tarehe, kaunti. Kisha mripoti kwa simu au mtandaoni kabla ya saa sita usiku, uandike namba unayopewa.

11. Kupasua. Kisu kidogo chenye makali, ncha iangalie juu, vidole viwili viongoze ili usitoboe utumbo. Kata kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, vuta koromeo, vyote vinatoka pamoja. Kibofu kishike kama yai. Mpoze upesi.

12. Koyote. Hana idadi ya mwisho na unamwinda mwaka mzima, ila kuwinda usiku na taa kuna masharti yake, soma kitabu cha sheria za uwindaji cha mwaka huo. Manyoya mazuri ni Desemba na Januari. Mimi naketi kwenye ukingo wa shamba, napiga kile kifilimbi cha sungura anayelia, dakika kumi na tano mpaka ishirini, halafu nahama. Hatakuja moja kwa moja. Atazunguka akutafute kwa upande upepo unakoelekea, basi bunduki ielekee huko na si kule unakotaka atokee. Wawili kati ya watatu wangu walitokea hivyo. Wa tatu alitokea nyuma yangu, tukashtuana wote, nikambahatisha.

MASWALI

Kijana_Lex: Shikamoo mzee. Nikishapiga nisubiri muda gani?

Mwandishi: Marahaba. Hatua ya 9.

Kijana_Lex: Nimeona ni ndefu.

Mwandishi: Na ndiyo maana ni ndefu.

Dereva_wa_malori: Nawaona kandokando ya barabara kila usiku, wengi kweli. Siwezi kushusha kioo nikapiga mmoja tu, nipakie?

Mwandishi: Hapana. Usiku ni kosa, barabarani ni kosa, kwenye gari ni kosa. Umeyakusanya matatu katika sentensi moja.

Dereva_wa_malori: Nilikuwa nauliza tu, usikasirike.

Mwandishi: Sijakasirika. Usipige.

Abu_Salma: Assalamu alaykum. Kaka, hilo la kungoja masaa linanisumbua. Mimi naangalia halali. Nikimkuta ameshakufa si mzoga?

Mwandishi: Waalaykum salaam. Swali zuri, nami nilihangaika nalo. Mimi si shehe, ila nilivyofundishwa ni hivi: unataja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua, si baadaye. Ukimkuta bado hai, lazima umchinje. Ukimkuta amekufa kwa jeraha lako, na hakuna alama ya mnyama mwingine wala hajazama majini, analiwa. Ndiyo maana risasi ya mapafu inakufaa zaidi wewe kuliko mimi: anaanguka karibu, unamfikia mapema. Na yule wangu wa kijitoni, hata ningepata paja zima, nisingeligusa, maana koyote walikuwa wameshamlalia. Kamuulize shehe wako ukiwa na mfano mkononi, watu hawa hupenda mifano.

Abu_Salma: Jazakallah. Basi mwaka huu sipigi zaidi ya mita 60.

Mwandishi: Ungejua wangapi wenye bunduki za bei mbaya hawajawahi kufikiria hivyo.

Buda_wa_Louisville: Niaje. Nyama ya koyote inaliwa ama?

Mwandishi: Anza wewe, utuambie.

Mama_Jikoni: Mimi siwindi, mume ndiye mwindaji, nami ndiye ninayeletewa friza nzima. Wanaolalamika kulungu ananuka hawaondoi yale mafuta meupe. Si kama ya ng'ombe, yakipoa yanaganda kwenye kaakaa kama mshumaa. Yatoe yote. Mishkaki ninaipaka papai bichi lililosagwa, saa moja tu. Ukiiacha usiku kucha inakuwa uji.

Mwandishi: Mama, haya ndiyo nilikuwa nayangoja. Na kwenye pilau?

Mama_Jikoni: Shingo. Ichemshe mpaka iachie mfupa. Na supu ile usimwage jamani, ndiyo ya wali.

Mgeni_Magharibi: Naishi upande wa kaunti ya Ballard. Nimesikia kuna ugonjwa wa kulungu kukonda. Nifanyeje?

Mwandishi: Umeuliza vizuri. Ulithibitishwa kwa mara ya kwanza Kentucky mwaka 2023, hukohuko Ballard. Hujaonekana kuhamia kwa binadamu, lakini ushauri ni kutokula mnyama aliyepimwa akakutwa nao. Kwako mambo matatu: peleka kichwa kipimwe, ngoja jibu kabla ya kupika, na usitoe mzoga mzima nje ya eneo la uangalizi wa ugonjwa huo. Nyama iliyotolewa mifupa inaruhusiwa kutoka. Vaa glavu ukipasua, usikate uti wa mgongo. Na chakula cha kuvutia kulungu huko kina masharti yake, usimwage mahindi kama sisi wa huku kabla ya kusoma sheria za mwaka huo.

Mgeni_Magharibi: Kulungu anayeonekana mzima anaweza kuwa nao?

Mwandishi: Ndiyo. Kukonda huja mwishoni. Ndiyo maana kupima, si kutazama.

Mkulima_mstaafu: Mmesahau kupe. Jirani yangu aliumwa na yule mwenye doa jeupe mgongoni, sasa akila nyama ya ng'ombe au kulungu anavimba usiku, masaa kadhaa baada ya kula.

Mwandishi: Mzee, kweli, nilipaswa kuiandika. Ni mzio wa nyama nyekundu, na kupe huyo yupo sana Kentucky. Ingiza suruali ndani ya soksi, nyunyiza nguo dawa ya permethrini siku moja kabla zikauke, na ukirudi jikague kwapani na nyuma ya magoti. Baridi ya Novemba haiwaui wote.

Kijana_Lex: Mzee nimesoma yote sasa. Nina swali la kweli. Akikunja mgongo kama ulivyosema, lakini giza linaingia na mvua inakuja itafuta damu, bado nikae?

Mwandishi: Hilo ndilo swali. Bado kaa. Mvua itafuta damu, lakini aliyelala hatua themanini utampata bila damu, kwa kutafuta tu kichaka kwa kichaka asubuhi. Uliyemwinua usiku akavuka kijito, humpati hata kwa damu ya ndoo. Wapo pia wenye mbwa waliofundishwa kufuata majeruhi kwa kamba. Tafuta namba ya mmoja wao kabla ya msimu, maana saa mbili usiku huna pa kuanzia. Una mtu wa kwenda naye siku ya kufungua?

Kijana_Lex: Sina.

Mwandishi: Nitumie meseji. Lete kofia ya chungwa.