Dondoo kwa wanaotafuta neno la Kiingereza la herufi tano

Wengi wetu hapa Nairobi hujaza mafumbo ya maneno ya Kiingereza kwenye simu matatu ikiwa imekwama katika foleni ya Barabara ya Thika, na tunapojua kwamba neno lina H na T ndani yake, hukimbilia kubahatisha. Ni afadhali kuchunguza kwanza herufi zinazopenda kuandamana. H isipokuwa ya kwanza, mara nyingi hufuata T, S, C, W, P au G. Kwa hiyo, I ikithibitishwa kuwa ya tatu, jaribu 'think', 'third', 'shirt', 'white' au 'faith' kabla ya kuwaza mbali. Sisi tuliozoea maneno yanayoishia kwa irabu tukumbuke pia kwamba Kiingereza hufunga mengi kwa konsonanti.

Mtego mkubwa ni pale herufi nne za mwisho zinapojulikana. Mbele ya 'ight' yaweza kukaa E, F, L, M, N, R, S au T, na katika Wordle, mchezo wa kubahatisha neno la herufi tano wenye majaribio 6 tu, kuzijaribu moja moja kutakumalizia nafasi. Tumia jaribio moja kwa 'films', ingawa unajua wazi kwamba silo jibu, kwa sababu linapima F, L, M na S kwa pamoja. Zote nne zikikataliwa, andika 'enter': ikikubali E, jibu ni 'eight', ikikubali N, ni 'night', ikikubali R, ni 'right', na zote tatu zikikataliwa, andika 'tight' bila wasiwasi.